Samaki Asiyefika Jikoni

Gari la mume wangu lilikuwa linanuka samaki, na nyumbani kwangu hakukuwa na samaki. Mwanamke wa kwetu hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Nieleze kwanza kwetu ni wapi, maana mtu wa mbali anaweza kudhani nilikuwa na wivu wa bure. Nimezaliwa kando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo mtoto hujifunza kuchambua miiba kabla ya kujifunza kusoma. Mtumbwi ukifika ufukoni asubuhi, wanawake wameshajipanga na mabeseni yao, na kila mmoja anajua macho yake yanamtafuta nani. Mvuvi mwenye mke humtengea mkewe samaki wa mboga kabla hajauza hata mmoja. Akishuka mtumbwini nguo zimelowa na kunuka, halafu mkewe akaambiwa leo hakuna kitu, ufuko mzima unajua samaki amepitia jiko jingine. Hakuna haja ya kupeleleza. Wanawake huanza kumpa pole siku hiyo hiyo, na zile pole huuma kuliko jambo lenyewe. Shangazi yangu mmoja aligundua mambo yake hivyo. Alikwenda kwenye hilo jiko jingine, akaepua chungu kikiwa bado kinachemka, akajitwika juu ya kata, akarudi nacho nyumbani kuwapakulia watoto wake. Nilikuwa mtoto nimekwenda kucheza, nikala samaki yule. Alikuwa mtamu.

Mume wangu naye ni mtu wa milimani, wa chai na viazi. Kwao, samaki alihesabiwa pamoja na nyoka. Siku alipoletwa kwetu kujitambulisha, mama alimwekea sahani yenye ngege mzima, kichwa na mkia, heshima ya mgeni. Jamaa aliangaliana na yule samaki mpaka nikamhurumia. Alikula ugali na mchuzi wa pembeni, akasema ameshiba, na wajomba zangu walimcheka mwaka mzima. Tulipooana tukawa na sufuria mbili, yangu ya samaki na yake ya kila kitu kingine. Hata tulipohamia Texas mwishoni mwa miaka ya tisini, sufuria ya samaki ilikuja nami ndani ya sanduku. Kwa hiyo mtu kama huyo alipoanza kuamka Jumamosi alfajiri ati anakwenda kuvua, nilikuwa na haki ya kujiuliza maswali.

Tulikuwa tunakaa Mesquite, mashariki ya Dallas, kwenye nyumba za kupanga zenye ngazi za chuma na maegesho yanayochemka kama kaango wakati wa kiangazi. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala la vifaa vya nyumbani. Mimi nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza huku nikisomea uuguzi, kwa hiyo Jumamosi zangu nyingi zilikuwa za kazi. Zake zilikuwa huru. Hilo peke yake lilitosha kunitia wivu, hata kabla ya habari ya samaki: mimi nageuza wazee vitandani, yeye anapigwa na upepo wa ziwa. Na mtoto wa ziwa ni mimi.

Aliyemwingiza kwenye mambo hayo alikuwa mzee wa Kizungu waliyefanya naye kazi ghalani, dereva wa foklifti, mtu wa maneno machache aliyekaribia kustaafu. Alimwalika mara moja, kwa adabu, na mume wangu alikubali kwa adabu vilevile, akidhani ataangalia maji na kurudi. Alirudi macho yanamng'aa. Wiki iliyofuata alinunua fimbo ya kuvulia, kisha kisanduku cha chambo cha plastiki, viwavi vya rangi rangi na vikamba vidogo vyenye makucha, na akavipanga vizuri kuliko alivyowahi kupanga soksi zake. Walikuwa wanaendesha gari kaskazini mpaka Ziwa Texoma, mpakani na Oklahoma, huku wakiyapita maziwa mengine yote njiani. Nilimuuliza kwa nini waende mbali hivyo. Akaniambia kuna samaki fulani, besi wa mdomo mdogo, ambaye hapendi matope wala maji ya uvuguvugu. Anataka mawe na maji safi. Alimtaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la mtu. Halafu akajifanya anatafuta rimoti.

Jioni za Jumamosi alirudi mikono mitupu. Nikimuuliza mboga iko wapi, anasema leo hawakuuma. Jumamosi nyingine hawakuuma, na nyingine tena. Kwetu mvuvi akikosa namna hiyo anashindwa hata kula, lakini huyu wangu alirudi anapiga mluzi. Viatu vimelowa, shati linanuka, gari linanuka, na mtu anapiga mluzi. Halafu kulikuwa na kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa kimeparuzwa, ngozi imenyanyuka kama iliyosuguliwa kwa msasa. Nilikishika, nikakiangalia kwenye mwanga kwa macho ya kazini, nikamuuliza umeumwa na nini. Akasema ni kamba. Mimi nimekua katikati ya nyavu na kamba, na jeraha la kamba nalijua. Nilimpaka dawa nikanyamaza, lakini moyo wangu haukunyamaza.

Sasa niseme habari za jirani. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa mama mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, aliyekuja na watoto wake baada ya vita kumchukulia mume. Ndiye aliyetuangalizia binti zetu wawili wakati mimi niko kazini na baba yao yuko ziwani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye shingo ya pingili, ambaye hata akijifunga kitenge kwenda kutupa taka unadhani anakwenda harusini. Nilimpenda sana mpaka siku nilipoanza kumchunguza. Jumamosi jioni nikipanda zile ngazi na uchovu wangu, mlangoni kwake kunanukia samaki wa kukaanga. Si mara moja wala mbili, kila Jumamosi. Nikibisha nakuta mume wangu amekaa kwenye kochi lake, anamalizia chai, anangoja watoto wavae viatu. Kwenye gari kunanuka samaki mbichi, kwa jirani kunanukia samaki wa kukaanga, na kwangu kuna maharagwe. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejumlisha.

Nilianza kuwahoji binti zangu kwa ujanja nikiwaogesha. Mmekula nini leo kwa mama? Wakanijibu kwa Kiingereza chao kwamba wamekula samaki na alikuwa mtamu sana. Nikauliza huyo samaki alitoka wapi. Mkubwa akanitazama kama mama yake amepungukiwa, akasema katoka kaangoni: "From the pan, Mommy."

Wivu ni kazi, na mimi nilikuwa na kazi za kutosha. Namwosha mzee wa watu mgongo huku nahesabu vipande vya samaki kwenye sahani ya mtu mwingine. Niko darasani mwalimu anaeleza mishipa ya moyo, nami natafakari kitenge. Nilimpigia simu dada yangu aliyekuwa Katy, upande wa Houston, nikitegemea aniambie niache upuuzi. Hakunisaidia. Alisema mwanaume haendeshi gari kutwa nzima kwa ajili ya kuangalia maji, na kama nataka amani nipekue gari kwanza ndipo nilie.

Nikapekua. Juu ya usukani kuna kile kibao cha kuzuia jua. Nilipokishusha, ikaniangukia picha mapajani. Mume wangu amesimama juu ya mawe, ameshika samaki kwa mikono miwili. Samaki mnene, rangi yake kama shaba iliyochakaa, mistari imemshuka ubavuni, jicho jekundu. Kidole gumba cha mume wangu kilikuwa ndani ya mdomo wa samaki yule, na mume wangu mwenyewe alikuwa anacheka kwa meno yote. Huyu ni mtu wa kucheka na mdomo umefungwa. Kwenye picha zetu za harusi huoni jino hata moja, na mpiga picha alimbembeleza mpaka akachoka.

Nilikaa ndani ya gari milango imefungwa, joto linanichoma, wala sikulisikia. Kumbe samaki walikuwa wanauma. Kumbe nilikuwa nafichwa. Samaki mkubwa kiasi kile alipatikana, na sikupelekewa hata kichwa. Tena mtu hawezi kushika samaki kwa mikono miwili na wakati huo huo kujipiga picha. Kulikuwa na mkono wa mtu ulioshika kamera, na huyo mwenye mkono ndiye aliyechekewa kwa meno yote. Nilitoka humo, nikapanda ngazi, nikapita mlango wangu.

Jirani alinifungulia akiwa na unga mikononi. Sikukaa. Nilimpa picha, nikasimama, nikangoja uso wake ubadilike. Aliitazama kwa muda, akasema samaki mzuri. Halafu akanitazama mimi, akaitazama tena picha, na nikaona ameelewa. Sikuwa nimesema neno. Naye amekulia kando ya ziwa, Tanganyika, na huko kwao pia wanawake hungoja mitumbwi. Hakukasirika wala hakucheka. Alinawa mikono, akafungua jokofu, akatoa mfuko wa samaki walioganda, bado una karatasi ya bei yenye maandishi ya Kichina, akauweka mezani mbele yangu.

"Dada, samaki ya mi napikaka ni hii, ya duka ya Bachina," akasema. "Ya bwana yako sijaona hata mukia."

Nilimwamini papo hapo, na nikaona haya kidogo, lakini hata haya yenyewe haikupata nafasi ya kukaa. Kwa sababu yeye alivuta kiti, akaishika tena ile picha, akauliza swali ambalo mimi nilikuwa bado sijalifikia: kama samaki huyu hakuja kwako na hakuja kwangu, amekwenda kwa nani? Tukaanza kutafuta pamoja. Tuliwapitia kwa maneno wanawake wote wa kanisani, wa kwaya na wa jikoni. Tulimjadili sana dada mmoja wa mji jirani wa Garland, aliyekuwa anapenda kumwita mume wangu "kaka" kwa kuvuta maneno. Wanawake wawili wa maziwa mawili, tumekaa na chai, tunamtafutia samaki jiko. Nilipotoka pale nilikuwa nimepona wivu wa mtu mmoja na kuondoka na wivu wa mji mzima.

Basi nikabadilishana zamu na mwenzangu, na Jumamosi iliyofuata mume wangu aliposhuka na fimbo zake alinikuta nimeshakaa kwenye gari, kiti cha mbele, mkanda nimefunga. Miguuni nilikuwa na beseni langu, na ndani ya beseni kulikuwa na kisu, chumvi na limau. Nilimwambia leo naenda naye. Alilitazama lile beseni, akanywea kama kuku aliyenyeshewa. Alisema mzee wa foklifti anaumwa mgongo, haendi, hivyo pengine na yeye angepumzika. Nikasema vizuri, tutakwenda wawili. Alisema kuna upepo. Nikasema upepo tunaujua. Jirani alikuwa ameegemea kizuizi cha ngazi huko juu, binti zangu wamemshika kitenge, akanipungia mkono kama mtu anayesindikiza jeshi.

Ilikuwa majira ya maua, mabonde kando ya barabara yamegeuka buluu. Kila alipopita njia ya kutokea barabara kuu niliitazama, nikijiuliza kama hapo ndipo huwa anakunja. Hakukunja popote. Tulifika ziwani, nami nikashuka na kuangalia huku na huku kama polisi. Kulikuwa na mawe yaliyomwagwa ukingoni, maji yanapiga polepole, na kwa mbali wazee wawili wamekalia viti vya kukunja. Hapakuwa na mwanamke. Niliangalia mpaka kwenye mchanga kama kuna alama za viatu vidogo.

Mume wangu alinipitisha kwenye yale mawe yote, akanipeleka kwenye kijighuba chenye maji ya kahawia na majani yaliyooza, akasimama hapo kurusha chambo chake. Alirusha, akavuta, akarusha. Hakuna kilichogusa. Na jinsi muda ulivyokwenda ndivyo alivyozidi kutulia, na hapo ndipo nikashtuka kwamba mtu huyu anaomba Mungu asipate kitu. Nimeona wavuvi wa kila namna, lakini wa namna hiyo sikuwa nimemwona.

"Huyo samaki wako wa mawe," nikamwambia, "tangu lini anakaa kwenye matope?"

Alikusanya vitu vyake, tukarudi kwenye mawe. Nilimwonyesha mahali, pale jiwe kubwa lilipozama na maji yakabadilika rangi, kwa sababu samaki ni samaki, na mahali pa kujificha ni mahali pa kujificha hata Texas. Alirusha pale bila kupenda. Mshipi ukakaza. Fimbo ikapinda, na maji yakapasuka, samaki akaruka juu mzima mzima akijitikisa. Mume wangu akasahau kwamba niko pale. Meno yote yakatoka.

Nilichukua beseni, nikateremka nalo mpaka majini. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe. Kabla ya kumgusa samaki alilowesha mikono yake kwanza, akaisugua ndani ya maji kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga. Akamtia kidole gumba mdomoni, na hapo nikaelewa ule msasa ulitoka wapi. Aliingiza kikoleo kidogo, akaizungusha ndoana taratibu, taratibu, huku anamsemesha.

"Pole, mama," alimwambia. "Pole. Tulia kidogo, tunamaliza."

Ndoana ikatoka. Nikasogeza beseni. Yeye akamshusha samaki ndani ya maji, akamkinga kwa viganja viwili, akawa anamsogeza mbele na nyuma ili maji yampite kwenye matamvua. Hakuwa na haraka. Upepo ulikuwa unampiga, suruali imelowa mpaka magotini, naye anangoja. Aliinama akamwangalia jicho. Samaki akatikisa mkia mara moja, akateleza kutoka mikononi mwake, akazama kwenye kivuli cha jiwe.

Nilimuuliza amefanya nini. Nilidhani amemponyoka.

"Nimemrudisha," akasema, bila kuniangalia. "Huwa nawarudisha wote. Ni catch and release, mama watoto. Watu wa huku ndivyo wanafanya. Nilijua ukisikia hivyo utanicheka mpaka kwenu wasikie."

Na kweli wangesikia. Kumtoa samaki majini, kumwangalia, kumpa pole na kumrudisha, halafu kurudi kwa mkeo mikono mitupu na kupiga mluzi. Katika majiko yote tuliyoyapekua mimi na jirani, hilo halikutujia hata kidogo. Nilikaa kwenye jiwe na beseni mapajani, nikashusha pumzi. Hakukuwa na mwanamke. Kamera alikuwa ameishika mzee wa foklifti. Dada wa Garland alikuwa anavuta tu maneno kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kwa muda wa kumeza mate.

Halafu wivu ukarudi, na safari hii ulikuja umevaa viatu. Nilikuwa nimeisikia ile sauti. Pole, mama. Tulia kidogo. Nikirudi nyumbani kutoka zamu mbili, miguu imevimba, mume wangu aliniambia chakula kiko kwenye mikrowevu, na alisema hivyo akiangalia mpira. Sikuwahi kufikiri ni mtu mbaya, nilifikiri ndivyo alivyo, kwamba watu wa milimani hawana maneno mengi. Kumbe alikuwa nayo. Alikuwa na maneno, na mikono ya taratibu, na muda wa kungoja mpaka mwenzake apate nguvu, na vyote hivyo alikuwa anavipeleka kila Jumamosi mpaka mpakani na Oklahoma kuvitia majini. Kama angekuwa mwanamke, ningejua la kufanya. Ningekwenda kwake nikaepua chungu. Sasa samaki ungemwepulia nini?

Yeye kwa kuwa siri imetoka, alifunguka kama bomba. Alinieleza habari za samaki yule kwa maneno mengi kuliko aliyonipa mwaka mzima. Kwamba dume ndiye hutengeneza kiota kwenye changarawe kwa mkia wake, na jike akishataga dume hubaki pale pale kulinda, hali chakula, anapepea mayai kwa mapezi yasishikwe na uchafu. Kwamba maji yakipoa anapenda hiki, yakipata joto anapenda kile. Kwamba ukimshika kwa mikono mikavu unamtoa ute unaomkinga na magonjwa. Nilimsikiliza nikiwa nimekunja uso. Mimi kila Krismasi aliniletea sabuni yenye harufu ya waridi, na waridi hunipigisha chafya, na anajua, au alipaswa kujua, kwa kuwa huwa napiga chafya mbele yake.

Nikamwambia nipe hiyo fimbo.

Alinionyesha kitufe cha kubonyeza na namna ya kurudisha mshipi. Kwetu wasichana hatukupanda mitumbwi, lakini sote tulivua na ndoana kwenye mawe, tena bila fimbo, mshipi umezungushwa kidoleni. Mkono ulikumbuka. Nilirusha pembeni ya lile jiwe, nikaacha kikamba cha plastiki kizame, nikakigutusha. Nikangoja. Kilipoguswa sikuruka kama yeye anavyoruka. Nilimwacha samaki akisogeze vizuri kinywani, kisha nikavuta. Ndugu zangu, samaki yule alikuwa na nguvu. Alikwenda chini, akaja juu, akaruka, akajaribu kunizungusha kwenye mawe. Nilimlaani kwa lugha ya mama yangu mpaka nikamfikisha ukingoni. Nilimshika mdomo, nikasikia meno yake madogo yakinisugua kidole. Alikuwa mkubwa kuliko yule wa picha, tumbo limejaa, jicho jekundu linanitazama bila kuona haya.

Nilivuta beseni kwa mguu. Nilikuwa tayari nimeshamkata kwa macho, vipande vinne na kichwa cha mchuzi. Mume wangu aliona. Alipiga magoti kwenye maji mbele yangu, si kwenye jiwe, kwenye maji, na akaweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Huyo ni mama," akasema. "Ako na mayai. Tafadhali, mpenzi. Mwachilie."

Neno hilo la mpenzi nilikuwa sijalisikia tangu uwanja wa ndege, siku tulipohamia Texas. Sauti ilikuwa ile ile, ya chini, ya taratibu. Niliiangalia midomo yake. Nilijua anamwombea nani, sikuwa mjinga, lakini macho yake yalikuwa kwangu na mkono wake ulikuwa kwangu.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena. Tafadhali, mpenzi. Alidhani sikusikia kwa sababu ya upepo. Ningeweza kumkalisha pale kwenye maji mpaka jua lizame, akirudia, lakini matamvua ya samaki yalikuwa yanafunguka na kufungika, naye mume wangu alikuwa anayaangalia na uso umeanza kumharibika. Nikainama. Nilimshusha yule mama wa watu majini, nikamkinga kwa viganja kama nilivyoona, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Pole sikumpa. Nilimshika tu mpaka akapata nguvu, akanipiga kiganja kwa mkia, akaenda.

Mume wangu alinikumbatia pale pale, sote tumelowa, beseni tupu linaelea miguuni. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaweka uso wake shingoni mwangu, akasema asante, asante, akawa hataki kuniachia. Tangu tufike Texas hakuwa amenishika hivyo. Nilijua vizuri kabisa kumbatio lile lilikuwa la nani. Lakini mwenyewe alikuwa ameshazama kwenye mawe yake, hivyo nikalichukua mimi.